Tope la Silanga Lisirudi Silangani

Silanga yetu, yaani bwawa la shamba, tuliichimba Januari, na kabla ya Septemba ilikuwa imejaa tena. Haikujaa maji. Ilijaa tope lile lile tulilolitoa.

Iko upande wa Moiben, nje kidogo ya Eldoret. Ilichimbwa enzi za masetla, mashamba ya Uasin Gishu yalipokuwa ya ngano na ng'ombe wa mtu mmoja, na shamba lilipogawanywa tukagawana pia kazi ya kuitunza, au tuseme kazi ya kutoitunza. Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa kikundi. Tulichanga, tukakodi tingatinga kwa siku nne. Asubuhi ya kwanza dereva alisimamisha mkono wa mtambo hewani, ndoo imejaa tope linalochuruzika, akauliza: "Mzee, hili nilimwage wapi?" Nikamwonyesha ukingoni, hatua tano kutoka majini. "Weka hapo hapo. Likikauka tutajua la kufanya."

Lilikauka juu tu, ndani likabaki uji, nasi la kufanya hatukulijua. Mvua ya Aprili ililipiga, ya Mei ikalilainisha, na kufikia Agosti lundo lilikuwa limeteremka taratibu hadi lilikotoka. Tulikuwa tumelipa siku nne za tingatinga ili kulipeleka tope matembezini.

Tangu mwaka ule nauliza maswali matatu kabla ya kugusa tope: limetoka wapi, limebeba nini, na mvua ikija litakuwa limekaa wapi? Sheria zetu kuhusu tope zimetawanyika. Kifungu kimoja kiko kwenye mazingira, kingine kwenye maji, kingine kwenye taka, kingine kwenye madini. Lakini ukizisoma kwa utulivu utaona zote zinauliza mambo hayo hayo matatu. Makala hii ni ya mwenye silanga, kikundi cha maji, mwenye ploti ambaye mtaro wake umeziba, na yeyote anayepanga kukodi tingatinga kiangazi kijacho.

Tope si moja

Vitabu huliita mashapo: chembe za mchanga, udongo na majani zilizochukuliwa na maji, zikatua pale maji yalipopunguza mwendo. Sisi tunaliita tope, na neno hilo moja hufunika vitu ambavyo havifai kuchanganywa.

Tope la silanga ya shamba mara nyingi ni udongo wa juu wa mashamba ya jirani. Ndio ule udongo mwekundu ulioufuatilia kwa macho ukishuka mtaroni siku ya mvua kubwa. Umebeba mbolea uliyoinunua na samadi uliyoibeba. Hili ndilo tope lenye thamani.

Tope la mtaro wa mjini ni jambo jingine. Simama kando ya mtaro uliofukuliwa Langas au Huruma utazame kinachotolewa na sepeto: udongo, ndiyo, lakini pia chupa, nepi, vipande vya nguo, nyembe, mafuta meusi ya gereji, na maji ya choo kilichounganishwa mtaroni kwa siri. Rangi ni ya udongo wa shamba, lakini hilo ni taka.

Tope la mto, kama lile la Sosiani, lina sheria zake kwa sababu mto si wa mtu. Sosiani unashuka kutoka nyanda za Kaptagat, unapita katikati ya Eldoret, unaungana na Kipkaren, kisha Nzoia, na kuishia Ziwa Viktoria. Tope linalosukumwa mtoni hapa linakwenda kuinua sakafu ya mto kule Budalang'i, ambako watu wanahama kila Nzoia inapofurika.

Halafu kuna tope la choo na la tangi la maji taka, na tope linalobaki kwenye mitambo ya kusafisha maji ya kunywa. Haya mawili nitayarudia, kwa sababu ndiyo yanayowaponza wakulima wanaopenda kitu cha bure.

Sheria inavyouliza maswali yale matatu

Anza na Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 kinamtwisha kila mtu wajibu wa kushirikiana na serikali kuyalinda. Jedwali la Nne linaziachia kaunti uhifadhi wa udongo na maji pamoja na mifereji ya maji ya mvua mijini. Kwa hiyo mtaro wa mtaani ukiziba, mlango wa kwanza wa kubisha ni kaunti, isipokuwa barabara yenyewe iwe chini ya mamlaka ya barabara ya kitaifa.

Swali la kwanza, limetoka wapi, linajibiwa na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 na Sheria ya Maji ya 2016. Kifungu cha 42 cha ile ya mazingira kinakataza kuchimba, kukausha, kugeuza mkondo au kumwaga kitu kinachoweza kudhuru ndani ya mto, ziwa au kinamasi bila idhini ya maandishi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Sheria ya Maji nayo inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, kwa kazi nyingi zinazogusa chanzo cha maji. Wengi hudhani kwamba silanga ikiwa ndani ya shamba lao basi haimhusu mtu. Itazame tena: kama imezuia kijito, hata kijito cha msimu tu, wa chini yako wana haki ndani yake.

Swali la pili, limebeba nini, liko kwenye sheria za taka. Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 zinakataza kutupa taka barabarani au mahali pa umma pasipotengwa kwa kazi hiyo, na zinamtaka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka zitenganishwe zinapotoka, na kile kinachoweza kutumika tena kitumike kabla ya kufikiria jaa. Tope safi la silanga linalokwenda shambani ni udongo unaorudi kwao. Tope lile lile likichanganywa na uchafu wa mtaro hugeuka taka lote, na gharama yake hubadilika nalo.

Swali la tatu, litakaa wapi, ndilo lililotushinda Moiben. Kanuni za 2009 kuhusu vinamasi na kingo za mito zimeweka ukanda wa hifadhi wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, ukipimwa kutoka pale maji ya mafuriko yalipofika juu kabisa. Ndani ya ukanda huo hurundiki tope. Hata pale ambapo silanga yako haihesabiwi kama mto, zichukue mita 30 kuwa kipimo chako. Sheria isipokubana, mvua itakubana.

Kuna swali la nne, nalo huamka pesa zinapoingia. Mchanga ni madini ya ujenzi chini ya Sheria ya Madini ya 2016. Ukitoa tope na kulisambaza shambani kwako, unatunza bwawa. Ukianza kuchekecha mchanga na kuuza kwa tipa, umeingia biashara yenye vibali na sesi ya kaunti. Vikundi vingi vimesimamishwa barabarani na askari wa kaunti huku mwenyekiti akiapa kwamba walikuwa "wanasafisha tu".

Barua kwanza, tingatinga baadaye

Kazi ya tope huanzia mezani. Utaratibu ufuatao hauna uchawi, ila unaokoa fedha.

Zungumza kwanza na majirani, wa juu na wa chini. Kama eneo lenu lina jumuiya ya watumiaji maji, ile inayotambuliwa na Sheria ya Maji, pelekeni suala huko. Jumuiya hizo ziko karibu na WRA na zinajua karatasi gani inatakiwa. Andikeni kumbukumbu za mkutano, na chifu apate nakala.

Pili, nendeni ofisi ya NEMA ya kaunti na ofisi ya maji mkiwa na maelezo ya ukurasa mmoja: ukubwa wa silanga, kina cha tope, kiasi mnachotarajia kutoa, mtakakolipeleka, na miezi ya kazi. Tangu mabadiliko ya 2019, miradi hupangwa kulingana na hatari yake. Ya hatari ndogo huhitaji ripoti fupi, ya wastani ripoti pana, na ya hatari kubwa tathmini kamili ya athari kwa mazingira. Msijipangie daraja wenyewe. Ulizeni, mjibiwe kwa maandishi, na muulize pia toleo la kanuni linalotumika sasa, kwani kanuni hizi hufanyiwa marekebisho. Ripoti huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, kwa hiyo gharama yake iingie kwenye bajeti kabla ya dizeli.

Tatu, pateni mahali pa kulipeleka tope kabla halijatoka. Kama ni shamba la mtu, aandike na kutia sahihi kwamba analikubali, kiasi gani, na kwenye kipande kipi. Nimeona urafiki wa miaka 20 ukivunjika kwa sababu ya tipa 30 za tope zilizomwagwa kwenye malisho "kwa makubaliano ya mdomo".

Nne, wekeni daftari. Kila safari ya tipa iandikwe: tarehe, nambari ya gari, lilikotoka, lilikokwenda. Afisa akija, daftari litajibu. Asipokuja, mtajua mlitoa kiasi gani, na mwaka wa kurudia kazi hamtakisia.

Kalenda ya nyanda za juu

Eldoret ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Machi au Aprili hadi Septemba. Kiangazi chetu cha kweli ni Desemba hadi Februari. Kazi yote ya tope ipangwe kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kupanda.

Karatasi zishughulikiwe Septemba na Oktoba, wakati silanga imejaa na hakuna anayetaka kuigusa. Desemba, maji yakishuka, pimeni kina cha tope: mtu asimame kwenye mtumbwi au kwenye mbao zilizofungwa imara, ashushe fito ndefu mpaka igote, na mwingine aandike kila baada ya hatua chache. Januari ndipo mtambo uingie. Februari tope likauke na kupimwa. Wiki za mwisho kabla ya kulima, lisambazwe na kuchanganywa na udongo kwa jembe la trekta. Ukichelewa hadi mvua ya kwanza, simamisha kazi usubiri mwaka mwingine. Tope lililoanikwa halafu likanyeshewa ni kazi mara mbili.

Kukausha nako kuna adabu yake. Usilipandishe mlima. Lisambaze kwenye kiwanja cha tambarare, mbali na mteremko wa kurudi silangani, unene wa futi moja tu, na chini yake pawe na mtaro mdogo unaopeleka maji yanayochuruzika kwenye nyasi badala ya kijitoni. Tope bichi ni zito kwa sababu ya maji. Ukilibeba likiwa bichi, unamlipa mwenye tipa akubebee maji.

Lipime kwa mikono yako

Maabara ni muhimu, nami nitakutuma huko. Lakini kuna vipimo vya nyumbani vinavyokuambia kama nauli ya maabara ina maana.

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja inayopitisha mwanga. Tia tope hadi theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iweke dirishani usiiguse. Dakika ya kwanza mchanga unakaa chini. Saa mbili baadaye udongo laini umetua juu yake. Kesho yake utaona ufinyanzi, au maji yatakuwa bado ya kahawia kwa sababu ufinyanzi haujamaliza kushuka. Sasa unajua unene wa kila tabaka. Tope lenye ufinyanzi mwingi linafaa shamba la kichanga lisiloshika maji. Shamba ambalo tayari ni zito litazidi kunata. Lenye mchanga mwingi hufanya kinyume.

Linuse. Harufu ya mayai viza inamaanisha lilikaa bila hewa. Lianike, ligeuze, harufu itaisha. Harufu ya dizeli haiishi kwa kuanikwa. Limwagie maji kwenye sinia: ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua, hasa kama silanga iko chini ya barabara kuu au gereji, simama hapo hapo.

Mwisho, jaza gorogoro moja tope lililokauka na nyingine udongo wa shamba lako, panda maharagwe kumi kila moja, mwagilia sawasawa. Baada ya wiki mbili utaona yaliyoota na rangi ya majani. Maharagwe hayajui kudanganya.

Vipimo hivyo vikipita, peleka sampuli maabara, kwa mfano Chuo Kikuu cha Eldoret au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO huko Kitale. Chota sehemu kumi tofauti, changanya kwenye ndoo safi, kisha chukua kilo moja. Taja kwamba ni tope la bwawa na useme bwawa liko karibu na nini. Uliza kuhusu uchachu, fosforasi, na kama kuna sababu ya kulishuku, risasi na metali nyingine nzito. Mashamba mengi ya Uasin Gishu yana udongo wenye asidi, na tope lililotoka humo huwa na asidi vilevile. Usishangae ukiambiwa ulichanganye na chokaa.

Hesabu ya tipa na ekari

Watu wengi hukosea hesabu, wakaishia na mlima wa tope. Tuchukue silanga ya mita 40 kwa 30, yenye tope la kina cha mita 1. Hizo ni mita za ujazo 1,200. Tipa inayobeba mita za ujazo 10 itafanya safari 120.

Shambani, tabaka la sentimita 5 linatosha. Zaidi ya hapo unaufukia udongo wako hai chini ya udongo uliolala majini miaka mingi, na mahindi yatakuuliza ulikuwa na haraka gani. Ekari 1 kwa sentimita 5 inapokea mita za ujazo 200 hivi, yaani tipa 20. Kwa hiyo silanga yetu ya mfano inahitaji ekari 6. Kama una ekari mbili tu, unahitaji majirani wawili au watatu kabla ya kuita mtambo. Kwa kurundika tu ardhi hiyo haitapatikana.

Wazo lenyewe ni la kale. Misri ililishwa na tope la Nile kwa maelfu ya miaka, mpaka Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 na tope likaanza kutua Ziwa Nasser badala ya mashambani. Karibu zaidi na zama zetu, jimbo la Telangana nchini India lilianza mwaka 2015 mpango wa Mission Kakatiya wa kufukua maelfu ya mabwawa madogo ya kale, na wakulima wakahimizwa kubeba tope kwenda nalo mashambani kwao. Mkulima akija mwenyewe na trekta lake kulichukua, tope haliwezi kubaki ukingoni.

Lisilokwenda shambani lina kazi nyingine. Lenye ufinyanzi mzuri hufyatuliwa matofali. Lenye rutuba huchanganywa na samadi kwa vitalu vya miche. Likiwa la wastani, hufaa kusawazishia shimo la mawe lililoachwa, ila shimo hilo nalo liwe na ruhusa ya kujazwa, maana mashimo mengi ya mawe hapa hushika maji yanayonywesha ng'ombe. Mchanga wa tope usiukimbilie kwa zege. Upime kwa chupa kwanza, na ukiona tabaka nene la udongo laini juu ya mchanga, ujue zege lake litakuwa dhaifu mpaka mchanga huo uoshwe.

Tope ambalo usilikubali hata likiletwa bure

La mtaro wa mjini, kwanza. Wakati wa mpango wa serikali wa Kazi Mtaani mwaka 2020 vijana wengi nchini walifukua mitaro ya mitaa yao kwa bidii. Pale ambapo hakuna gari lililofuata, tope liliachwa kando ya mtaro, nayo mvua ikalirudisha. Ukipanga usafi wa mtaa, gari lipatikane kabla ya sepeto. Tenganisheni plastiki na taka nyingine pale pale, na kinachobaki kiende kwenye jaa linaloruhusiwa na kaunti, kwa gari lenye leseni, mzigo umefunikwa. Usiruhusu lipelekwe kwenye shamba la sukuma wiki kwa sababu ni jeusi. Weusi mwingine ni oili chafu.

La pili ni la choo. Mwenye lori la kunyonya choo akikupa tope "la kurutubisha" kwa bei ya chini, muulize kwa nini halipeleki kwenye mtambo wa maji taka. Tope la choo linaweza kuwa mbolea, lakini baada ya kutibiwa. Mayai ya minyoo aina ya askaris hustahimili sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unasema pale ambapo hali ya hewa ni ya kati ya nyuzi 2 na 20, kinyesi kihifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kutumika. Kwenye joto la juu ya nyuzi 20 hadi 35, zaidi ya mwaka mmoja. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na usiku wetu ni wa blanketi mbili. Sisi ni wa miaka miwili. Aliyekuambia miezi mitatu inatosha labda alisikia ushauri wa kwingineko.

La tatu ni la mitambo ya kusafisha maji ya kunywa. Linaonekana safi, halinuki, na wengi huliona kama udongo tu. Lakini pale shabu inapotumika kuvuta uchafu kwenye maji, tope linalobaki huwa na alumini inayoikamata fosforasi na kuifungia. Udongo wetu wenye asidi tayari unainyima mimea fosforasi. Kulimwagia shamba la mahindi tope hilo ni kununua mbolea kisha kuifunga kwa kufuli.

Ukingo si kichuguu

Kabla ya mtambo kuingia, mtembeze dereva kwa miguu kuzunguka silanga na umwonyeshe mahali asipopaswa kugusa. Ukingo unaoshikilia maji usichimbwe upande wa ndani wala kwenye unyayo wake wa nje. Miti mikubwa iliyoota juu yake ising'olewe kwa tingatinga, kwani mizizi ikitoka huacha njia ya maji. Mlango wa kumwagia maji ya ziada usafishwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la Patel lilipasuka huko Solai, Nakuru, likaua watu zaidi ya 40 usiku. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyozuiwa na uchafu ulioziba njia yake chini ya tuta la reli yalipasua tuta hilo na kusomba nyumba, na zaidi ya watu 40 wakafa. Nchi yetu imelipa ada ghali kwa somo hili. Silanga ya shamba ni ndogo, lakini chini yake huenda kuna nyumba.

Watoto nao. Silanga iliyochimbwa upya ina kingo zilizochongoka na kina ambacho watoto hawajakizoea. Zungusha ua siku ile ile mtambo unapoondoka, na uache upande mmoja wenye mteremko wa kutokea. Kwa matangi na mashimo ya maji taka, sheria ni moja: mtu asishuke. Hewa ya humo huangusha wa kwanza, kisha huangusha na ndugu anayeshuka kumwokoa. Kazi hiyo ni ya wenye vifaa na mafunzo.

Tope lina kwao

Tuliporudia kazi yetu Moiben, tulianzia juu ya mteremko, kabla ya kugusa silanga. Tuliuliza tope limetoka wapi, na jibu lilikuwa mashamba manne yaliyolimwa kwa kufuata mteremko, na njia ya ng'ombe iliyogeuka korongo.

Kwa hiyo wenye mashamba walichimba matuta ya fanya juu, ile njia ya Ukambani ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, ambayo jina lake la Kiswahili limeenea hadi kwenye vitabu vya kilimo vya nchi za mbali. Tope tulilolitoa silangani lilitumika kwanza kuimarisha matuta hayo, na juu yake tukapanda nyasi za nepia. Ng'ombe waliwekewa hori chini ya silanga, maji yakashushwa kwa mpira, wakaacha kukanyaga kingo. Pale maji yanapoingilia tukachimba shimo la kunasia tope, upana wa hatua nne, ambalo watu wawili hulizoa kwa sepeto kila mwisho wa mvua. Tope la shimo hilo hujaza toroli kadhaa tu, na kila mwaka linagombewa na wenye vitalu vya miche.

Kisha tulisimamisha nguzo ya mkaratusi katikati ya silanga, ikagota chini, tukaitia alama kila sentimita 20. Kila Februari, maji yakiwa chini, mwanafunzi mmoja hupewa daftari aende kuisoma. Mwaka huu tope lilikuwa bado chini ya alama ya kwanza. Alama ya tatu tumeipaka rangi nyekundu. Likifika hapo, kikundi kimekubaliana mambo mawili, kwa mpangilio huu: kuandika barua, kisha kumpigia simu mwenye tingatinga.